Kufunga Kontrola ya Mwendo Kwenye Gari la Rimoti: Mwongozo Kutoka Lamu

Kontrola ikiungua hapa Lamu, huendi dukani ukarudi na nyingine kabla ya adhuhuri. Itaagizwa Mombasa au Nairobi, ipande basi mpaka Mokowe, ivushwe kwa boti, na kama huko nako haipo itasubiriwa kutoka ng'ambo kwa majuma. Muda wote huo gari limekaa juu ya kabati, na mtoto mwenye gari anakuja kuuliza kila akitoka madrasa. Ndiyo sababu naandika kwa urefu. Katika kutengeneza magari haya ya majirani na ya watoto wa ukoo nimeona kontrola nyingi zikifa, na karibu zote zimefia mezani, gari halijagusa mchanga. Zimeuawa na waya uliogeuzwa, au betri iliyotambulishwa kwa jina lisilo lake, au pupa ya kutaka kuona gurudumu likizunguka.

Kontrola ni kile kijisanduku chenye mapezi ya bati juu yake, pengine na feni ndogo, kinachokaa kati ya betri na mota. Hutoka nyaya mbili nene za kwenda kwenye betri, nyaya za kwenda kwenye mota, na utepe mwembamba wa nyuzi tatu unaoingia kwenye risiva, yaani kipokezi cha ishara za rimoti. Ukivuta triga ya rimoti, risiva hupeleka ishara, na kontrola hufungua na kufunga umeme wa betri maelfu ya mara kwa sekunde. Ikiachia kwa muda mrefu kuliko inavyofunga, mota hukimbia. Ikiachia kidogo tu, gari hutambaa. Ina kazi ya pili ambayo wengi huisahau: hushusha volti za betri hadi 5 au 6 na kuilisha risiva pamoja na sevo, yaani kile kimota cha kukata magurudumu ya mbele. Kwa hiyo kontrola ikizimika, usukani nao hufa.

Kwanza, hakikisha vitu vinaoana

Tazama mota. Mota ya kaboni, yaani yenye brashi za kaboni zinazosugua ndani, hutoa nyaya mbili. Mota isiyo na kaboni hutoa tatu. Kila moja ina kontrola ya aina yake na hazibadilishani; usijaribu kuunganisha nyaya mbili kati ya tatu ukidhani itakubali.

Halafu soma maandishi ya kontrola. Kwa mota za kaboni, kontrola za bei nafuu zinazoonekana sana ni za ampea 60. Karatasi yake itakwambia mota ya ukubwa wa 540 isiwe chini ya mizunguko 12 ya waya ukitumia lipo, yaani betri ya lithiamu, ya seli mbili, na isiwe chini ya 18 ukitumia seli tatu. Mizunguko ikipungua, mota huwa kali zaidi na hula umeme zaidi. Wengi hupuuza mstari huo wa karatasi, nao ndio mstari wa maana kuliko yote. Mota isiyo na kaboni hupimwa kwa namna nyingine: mizunguko kwa dakika kwa kila volti. Mota ya 3300 ikipewa volti 7.4 itataka kuzunguka mara 24,420 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Kwa mchanga wetu mimi huchagua mota ya namba ya chini kuliko ile anayoitaka kijana. Mchanga mwepesi hushika magurudumu, mota husukuma kwa nguvu, na joto lote humalizikia kwenye kontrola. Kama karatasi yasema ampea 60 ndizo za kutosha, wewe nunua ya 80 ukiweza.

Betri nazo. Seli moja ya lipo huhesabiwa volti 3.7, ikijaa ni 4.2, na ikishuka chini ya 3.0 huharibika isirudi tena. Seli mbili kwa pamoja ni 7.4, zikijaa 8.4. Betri za zamani za nikeli zina volti 1.2 kwa seli, sita zikawa 7.2. Namba za jumla zakaribiana, 7.4 na 7.2, na ukaribu huo ndio unaowaponza watu, kama nitakavyoeleza.

Kulehemu plagi

Kontrola nyingi huja na plagi isiyolingana na ya betri yako. Utalehemu. Funga dirisha kwanza, hasa miezi ya kusi, kwa kuwa upepo wa baharini hupoza ncha ya chuma cha kulehemu na risasi hukaa juu ya waya kama gololi bila kushika. Tumia chuma cha wati 60 au zaidi. Kile kidogo cha kutengenezea simu hakitoshi. Waya mnene hunyonya joto lote na utaishia kuyeyusha plastiki ya plagi.

Pitisha slivu ya kubana kwa joto kwenye waya kabla ya kulehemu. Ukisahau, utakata uanze upya. Paka risasi ncha ya waya peke yake mpaka inywe, paka kikombe cha plagi peke yake, kisha vikutanishe na upashe moto mara moja tu. Kiungo kizuri hung'aa na kuonyesha umbo la nyuzi za waya chini yake. Kilicho na rangi ya majivu na mabonge kirudie. Wakati wa kulehemu chomeka plagi na mwenzake mtupu, usiounganishwa na kitu chochote, ili pini zisihame plastiki ikilainika.

Ukiwa unabadilisha plagi ya betri yenyewe, kata waya mmoja, ulehemu, uufunike, ndipo ukate wa pili. Kamwe usikate zote mbili kwa mkasi mmoja. Mkasi ni chuma, na betri ya lipo inaweza kutoa mamia ya ampea kwa sekunde ile.

Plagi ya kike, ile iliyozama, ndiyo ya betri. Kontrola ipewe ya kiume. Sababu ni kwamba betri ina umeme saa zote, basi pini zake zisiwe nje kugusana na funguo au sarafu mfukoni.

Mahali pa kuikalisha

Safisha sakafu ya gari kwa spiriti, ikauke, kisha bandika kontrola kwa tepu ya sponji yenye gundi pande zote mbili. Iwekwe mbali na risiva kadiri nafasi inavyoruhusu, nyaya nene zisipite juu ya waya wa antena. Antena isimame wima ndani ya mrija wake, usiikate wala kuizungusha kwenye nyaya za mota. Feni iangalie mahali penye hewa. Kisha zungusha magurudumu kwa mkono, ubonyeze gari chini mpaka springi zilale, uone kama kuna waya unaogusa gia au mhimili. Waya ukisugua gia leo, kesho utakuwa uchi.

Kuunganisha, betri ikiwa bado iko kando

Mota ya kaboni: waya chanya wa kontrola kwenye pini yenye alama, ule mwingine kwenye pini ya pili. Ukikosea hapa hakiharibiki kitu, gari litarudi nyuma tu. Angalia kama mota ina vikapasita vitatu vidogo vilivyoandikwa 104: kimoja kati ya pini mbili, na viwili kutoka kila pini hadi kwenye mwili wa mota. Hivyo huzima kelele za umeme zinazosumbua redio. Kama havipo, huenda gari likatetemeka usukani ukivuta triga. Ikiwa mota ni ya zamani na imelehemiwa dayodi mgongoni, ing'oe. Dayodi hiyo iliwekwa kwa kontrola zisizo na rivasi; kwenye yenye rivasi huunguza kontrola siku ya kwanza.

Mota isiyo na kaboni na isiyo na utepe wa sensa: nyaya tatu ziunganishe vyovyote, mwelekeo utarekebishwa baadaye. Ikiwa ina sensa, yaani ule utepe mwembamba wa nyuzi sita, hapo hakuna kuchagua: A kwa A, B kwa B, C kwa C. Ukizipishanisha, mota hutetemeka, hupata moto, na yaweza kuunguza kontrola.

Utepe wa nyuzi tatu uingie kwenye chaneli ya 2 ya risiva. Sevo ya usukani chaneli ya 1. Uzi mweusi au wa kahawia ni hasi, mwekundu ni chanya, mweupe au wa machungwa ni ishara. Fuata alama zilizochapishwa kwenye risiva.

Sasa chukua mita ya umeme kabla ya kuchomeka betri. Weka volti za mkondo mnyoofu (DC). Ncha nyekundu ya mita kwenye tundu la betri litakalokutana na waya mwekundu wa kontrola, nyeusi kwenye lile jingine. Mita isome namba bila alama ya kutoa mbele yake. Mwaka wangu wa kwanza niliunguza kontrola mpya kwa kuacha hatua hii. Betri niliyouziwa ilikuwa imelehemiwa plagi kinyume. Nje rangi zilionekana sawasawa, ndani ya plagi ndimo zilimopishana. Niliamini macho. Moshi ulitoka mkono wangu ukiwa bado umeshika plagi, na harufu ile niliikumbuka muda wote nilipokuwa nasubiri nyingine. Kontrola karibu zote hazina kinga dhidi ya kosa hilo. Kupima huchukua nusu dakika.

Kuitajia kontrola betri yake

Kontrola lazima ijue ni betri gani imeshika ili ijue wakati wa kusimama. Zile za bei nafuu zina vijiti vidogo vya plastiki vinavyohamishwa kwenye pini: upande mmoja lipo, upande wa pili nikeli. Nyingine hutumia kitufe, nyingine kadi ndogo ya kuprogramu. Vijiti huhamishwa umeme ukiwa umezimwa.

Ukiweka lipo ya seli mbili lakini ukaacha kijiti upande wa nikeli, kontrola itaendelea kuvuta mpaka betri nzima ifike kama volti 4.5. Gawanya kwa mbili: kila seli 2.25. Betri hiyo imekwisha. Kesho utaikuta imevimba kama chapati, na betri ya lipo iliyovimba haichajiwi tena. Ukiweka sawa, kontrola nyingi hupunguza nguvu kwa nusu zinapofika volti 3.25 hivi kwa seli, kisha hukata kabisa karibu na 3.0. Penye nafasi ya kuchagua mimi huweka 3.4. Utapoteza dakika moja au mbili za mchezo, betri itakudumia misimu.

Gari likianza kulegea ghafla ufuoni, hiyo ni kontrola inakuambia betri imekwisha. Lichukue urudi nyumbani. Vijana hulizima na kuliwasha ili wapate dakika nyingine, maana volti hupanda kidogo betri ikipumzika. Ni kuiua betri kwa awamu.

Kuwasha mara ya kwanza

Gari liwe juu ya kitu, magurudumu yote yakiwa hewani. Mimi nina kipande cha boriti ya mkoko nilichokipata kwa mafundi wa nyumba, chapita chini ya tumbo la gari na hakitikisiki. Vidole, kanzu, leso na vidole vya watoto viwe mbali na gia.

Washa rimoti kwanza. Kisha chomeka betri, ndipo uwashe swichi ya kontrola. Wakati wa kuzima ni kinyume: kontrola kwanza, rimoti mwisho. Utaratibu huu usiuvunje hata siku moja, kwa sababu risiva isiyosikia rimoti yake yaweza kushika ishara isiyo na maana, na gari likaondoka mezani.

Usiguse triga. Kontrola nyingi husoma nyutro, yaani mahali triga inapopumzika, katika sekunde tatu hivi za mwanzo. Ukiwa umevuta triga kidogo, itaamini hapo ndipo pa kusimama. Sikiliza milio, ambayo hutoka kwenye mota yenyewe. Katika kontrola nyingi za mota ya kaboni mlio mmoja mfupi humaanisha nikeli, miwili lipo ya seli mbili, mitatu lipo ya seli tatu, kisha mlio mrefu wa kusema tayari. Ukiwa na seli mbili na ukasikia mmoja, zima na urudi kwenye kijiti. Nimewazoesha watoto kuhesabu milio kwa sauti kila wanapowasha.

Kupima triga: nyutro, mbele, breki

Hatua hii ndiyo inayozaa malalamiko mengi: gari linatambaa lenyewe, halifiki mwendo wa mwisho, au halina breki. Kontrola haijui triga ya rimoti yako inaanzia wapi na kuishia wapi. Lazima uioneshe. Zile rahisi kabisa hujipima zenyewe kwa kusoma nyutro tu; zile za mota isiyo na kaboni hutaka uzioneshe pointi tatu.

Andaa rimoti. Trimu ya mafuta, yaani kirekebishi kidogo cha triga ya mwendo, iwe katikati kabisa, kwenye sifuri. Mipaka ya triga, mbele na nyuma, iwe asilimia 100. Zima msaada wowote wa breki za kupigapiga (ABS) na mpindo wowote wa triga (expo). Kama rimoti ni ya Futaba, geuza chaneli ya mafuta kwa swichi yake ya kugeuzia, kwani ishara yake huenda kinyume na nyingi nyingine.

Zima kontrola, rimoti ibaki imewaka. Shikilia kitufe cha kuweka, huku umekishikilia washa swichi. Taa nyekundu itaanza kumetameta; achia kitufe mara hiyo, maana ukikishikilia kupita kiasi kontrola nyingi huingia mahali pengine pa mipangilio. Acha triga ipumzike kwenye nyutro na ubonyeze kitufe mara moja: mlio mmoja. Vuta triga mpaka mwisho, ishikilie hapo, bonyeza: milio miwili. Sukuma triga mbele mpaka mwisho wa breki, ishikilie, bonyeza: milio mitatu. Achia. Subiri sekunde chache, mota iko tayari. Majina ya vitufe na idadi ya milio yaweza kutofautiana kwa kampuni na kampuni, lakini mpangilio huo wa nyutro, mbele, breki ndio utakaoukuta kwenye karatasi nyingi.

Sasa vuta taratibu. Taa ya kontrola nyingi hubadilika ukifika mwendo wa mwisho. Isipobadilika, kipimo hakikufika, rudia. Ukiachia triga, gurudumu lisimame kabisa. Likitambaa, usikimbilie trimu ya rimoti. Rudia kupima, kwa sababu trimu ukiisogeza leo kuficha kosa, kesho mtu ataigusa na gari litaondoka lenyewe.

Gari likienda kinyume

Mpwa wangu, mara ya kwanza alipowasha lake, aliniita kwa mshtuko.

"Mjomba, navuta, larudi nyuma!"

"Weka rimoti chini, mwanangu. Tuulize kwanza ni nani amekosea, mota au rimoti."

Kuna sababu mbili, na dawa zake ni tofauti. Vuta triga: gurudumu likizunguka kinyume lakini kwa mwendo kamili, na ukisukuma triga likafunga breki kwanza, basi kontrola yaelewa vizuri kuwa umevuta kwenda mbele. Ni mota iliyogeuka. Zima, badilisha nyaya mbili za mota ya kaboni, au nyaya mbili zozote kati ya tatu za mota isiyo na sensa. Kwenye mota ya sensa usiguse nyaya, geuza mwelekeo kwenye mipangilio ya kontrola.

Lakini ukivuta triga na gurudumu likakataa mpaka uvute mara ya pili, kisha likaenda nyuma kwa nguvu ndogo, hapo kontrola inadhani unafunga breki na kurudi rivasi. Kosa ni la rimoti. Geuza chaneli ya 2, kisha rudia kupima triga. La mpwa wangu lilikuwa la kwanza. Tulibadilisha nyaya mbili na akapiga kelele jirani akatoka barazani.

Usishangae rivasi kutaka kusukumwa mara mbili. Msukumo wa kwanza ni breki, unarudi nyutro, wa pili ni rivasi. Imefanywa hivyo ili gia zisivunjike kwa kugeuzwa gari likiwa mbioni.

Redio ikipotea

Hatua hii usiiruke, hasa mji kama huu ambamo kila kichochoro kina mzee na bakora yake, mtoto na punda aliyebeba matofali. Magurudumu yakiwa bado hewani, vuta triga nusu, na ukiwa umeivuta zima rimoti. Mota lazima isimame ndani ya sekunde moja hivi. Ikiendelea kuzunguka, gari hilo haliruhusiwi kutoka nje mpaka uweke kinga ya risiva: kwa risiva nyingi huwekwa wakati wa kuiunganisha na rimoti, triga ikiwa kwenye nyutro au kwenye breki kidogo. Weka, jaribu tena kwa kuzima rimoti.

Hata baada ya hapo, mimi hukataza magari haya katika vichochoro vya Mji wa Kale. Mota isiyo na kaboni hulia kwa sauti nyembamba, na punda hushtuka. Punda akishtuka na mzigo kwenye njia isiyopisha watu wawili, anayeumia ni binadamu au ni punda mwenyewe.

Mipangilio ya mchanga

Kontrola zenye kadi hutoa mipangilio mingi. Mitatu ndiyo yenye maana ufuoni. Nguvu ya kuondokea iwe ya chini, la sivyo magurudumu huchimba shimo na kuvuta umeme wa bure. Breki ya kujifunga yenyewe ukiachia triga iwe sifuri. Mbele ya wakati ya mota (timing), kwa zile zinazokuruhusu kuibadilisha, iache chini kabisa. Ukiipandisha unapata mwendo kidogo na joto jingi. Mengine yaache yalivyotoka kiwandani.

Gia ndogo ya mota ipunguze meno mawili ukienda Shela. Pwani ya Shela ni kilomita kama 12, na sehemu nzuri ya kuendeshea ni ule mchanga mgumu unaobaki maji yakipwa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hurudi mbali na ufuo unakuwa kama lami. Siku za maji mafu eneo hilo ni jembamba, gari husukumwa kwenye mchanga mwepesi, na kontrola hulipa. Vile vilima vya mchanga nyuma ya ufuo usivipande. Ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ambayo kisiwa kizima hunywa, na majani yanayovishika hung'oka upesi.

Endesha dakika tano, simama, gusa. Mwili wa mota ukiweza kuwekewa kidole kwa sekunde tatu bila kukiondoa, endelea. Ukishindwa, acha gari lipoe kivulini na urudi nyumbani upunguze jino jingine la gia. Kama una kipimajoto, mota isipite nyuzi 80. Kontrola yenyewe hujizima karibu na nyuzi 100 ndani yake. Ikijizima usiiwashe mpaka ipoe kabisa. Mchana wa kaskazi jua peke yake hufanya nusu ya kazi, basi toka baada ya alasiri.

Chumvi

Mchanga hupigwa brashi ukatoka. Chumvi haionekani, na ndiyo adui wa kweli wa kontrola zetu. Kontrola iliyoandikwa kuwa haiingii maji ilipimwa kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, haikupimwa na Bahari ya Hindi. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na yakikauka huacha unga unaoendelea kuvuta unyevu wa hewa usiku na mchana, mpaka pini za plagi ziote kutu ya kijani. Hata gari ambalo halikugusa wimbi hupata mvuke wa bahari.

Kila ukirudi, chomoa betri kwanza. Futa kontrola, plagi na mota kwa kitambaa kilicholowa maji ya mvua au ya kisima kitamu, kisha kitambaa kikavu, kisha uache kivulini penye upepo wa ndani ya nyumba. Feni ichomolewe ifutwe peke yake. Pini za plagi na kichwa cha ule utepe wa nyuzi tatu vipakwe grisi ya umeme kidogo sana. Bodi ya risiva, ambayo mara nyingi haina kinga yoyote, mimi hupaka rangi ya kucha isiyo na rangi, mikono miwili, nikiacha matundu ya pini na vitufe. Ikishakauka unyevu hauingii kwa urahisi kwenye bodi.

Likianguka baharini, chomoa betri ukiwa hapo hapo majini ikiwezekana, usilizime kwa swichi tu. Suuza kontrola yote kwa maji baridi tele, ndiyo, maji tena, kuitoa chumvi kabla haijakauka, halafu iache siku mbili bila kuijaribu.

Betri nayo ina kwake. Ichaji kwa chaja inayosawazisha seli, kwa ampea zinazolingana na ujazo wake: ya mAh 5000 kwa ampea 5. Ichajiwe juu ya sakafu ya jiwe, mtu akiwepo macho, ndoo ya mchanga karibu, na kamwe isiwe chini ya paa la makuti. Lipo ikishika moto haizimwi kwa kikombe cha maji, na makuti hayasubiri. Usipoitumia kwa siku tatu au zaidi, irudishe kwenye volti 3.8 kwa seli, 7.6 kwa betri nzima ya seli mbili, ukaiweke mahali pa baridi. Kabla hujaichomeka tena kwenye kontrola, toa mita uipime, nyekundu kwa nyekundu, hata kama ni betri ile ile ya jana.